Injini ya pili niliiua kwa rejeta ileile ya kwanza

Mkuu wa Tandahimba, umesema Hilux yako yenye injini ya dizeli aina ya 2L inakula oili, inatoa moshi wa bluu na mlimani inakwenda kwa kuombewa dua. Fundi mmoja anataka uitupe ufunge 5L ya mtumba, mwingine anataka aifanyie ovaholi hiyohiyo, yaani aifumue na kuifanya upya, na korosho ndiyo hizo zinakuja. Mimi nipo Masasi, nina Hilux kama yako, na hayo mawili yote nimeyafanya kwa pesa yangu.

Msimu wa 2018, ule wa korosho kubebwa na malori ya jeshi, nilikuwa napandisha simenti Newala. Mifuko 30, tani moja na nusu kwenye pikapu, usiniulize akili ilikuwa wapi. Mlimani mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliuona, nikasema nikifika juu nitaipumzisha. Juu sikufika. Oili ilipofunguliwa ilikuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani.

Nikapanda basi hadi Gerezani, Dar, nikanunua 3L. Muuzaji aliiwasha palepale chini, ikaunguruma vizuri, basi nikalainika. Nikapewa garantii ya wiki mbili, kumbe inahesabiwa tangu siku ya kulipa. Kusafirisha, kusubiri fundi, kununua vikorokoro: injini ilifungwa siku ya kumi na sita.

Kufunga kwenyewe hakukuwa na shida. 2L, 3L na 5L ni ukoo mmoja, mauntingi zilezile, gia boksi ileile. Kinachokausha mfuko ni vile ambavyo hakuna anayekutajia mkipatana: mkanda wa taimingi (huo usiuamini wa mtumba hata siku moja, ukikatika valvu zinagonga pistoni), sili, mipira ya maji, sahani ya klachi kwa kuwa gia boksi imeshashushwa, oili, filta, kreni ya kupakia na kushusha. Halafu kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo lazima uende TRA wabadilishe taarifa, la sivyo siku ya kuuza gari utaonekana mwizi. Bei sikutajii, zinabadilika kila meli ikishusha. Andika vyote hivyo kwenye karatasi moja, uone kama ile "injini rahisi" bado ni rahisi.

Baada ya miezi saba 3L ikachemsha. Tena tambarare, pale Nangoo, gari tupu. Hedi ikapasuka.

Safari hii nikamwita mzee mmoja wa Ndanda. Injini hakuigusa kabisa. Alichomoa mpira wa chini wa rejeta, akamimina ndoo ya maji kwa juu, akasimama na sigara yake. Maji yakatoka chini membamba, kama mkojo wa mtoto, rangi ya matofali. Akaniuliza, "Mwanangu, rejeta hii ulinunua na injini, au ni ile ya siku zote?" Nikakaa kimya. Miaka saba nimeijaza maji ya kisima, kutu na chumvi zimeziba mirija. Kwa hiyo 2L yangu niliiua kwa rejeta, nikaenda Dar kununua nyingine nikaiua kwa rejeta hiyohiyo.

Bahati yangu ile 2L ya zamani nilikuwa sijaiuza chuma chakavu. Ilikuwa chini ya mkorosho, imefunikwa turubai, kuku wanatagia pembeni. Mzee akapitisha ukucha ndani ya silinda, karibu na juu, ukakwama kwenye kingo: ringi zimeshakula ukuta. Lakini ukucha ni wa kukisia tu. Bloku na krenki zilikwenda karakana, zikapimwa kwa mikromita. Bori, yaani kipenyo cha silinda, ya 2L ikiwa mpya ni milimita 92. Ikiliwa kupita 0.2 inachongwa. Yangu ikaingia pistoni za saizi ya 50 (zimezidi kwa milimita 0.50), krenki ikachongwa saizi ya 25 (imepungua milimita 0.25), nikanunua hedi mpya, na rejeta mpya ndiyo nilinunua ya kwanza kabisa. Mpaka leo inabeba mizigo.

Sasa ya kwako. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi tu unapowasha kisha ukakata, inawezekana ni sili za valvu, kazi ndogo. Ukitoka muda wote na hasa ukikanyaga, hizo ni ringi. Fungua mfuniko wa kuwekea oili injini ikiwa inaunguruma: ikipumua moshi kwa nguvu, ndiyo hizo hizo. Kisha upime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, injini ikiwa ya moto. Kipimo cha Toyota kwa hizi ni kama kilo 32 kwa sentimita ya mraba ikiwa mpya, mwisho wa chini 20, na silinda zisipishane zaidi ya 5. Zote zikishuka pamoja, huo ni uzee wa kawaida, nenda ovaholi. Moja ikianguka peke yake, tafuta sababu kwanza, isije ikawa ni valvu tu.

Mimi ningenunua injini nyingine ikiwa tu bloku imepasuka, au imeshachongwa hadi saizi ya mwisho. 5L ina nguvu kweli, ina ujazo wa cc 2986 dhidi ya 2446 za 2L yako, na anayepanda milima kila siku ataipenda. Lakini 2L yako unaijua maisha yake yote, hii ya kontena aliyeitesa yuko nje ya nchi na hawezi kukusimulia.

Ukiamua ovaholi, ianze mapema. Ikitoka inataka kilomita 1,000 hivi bila mzigo mzito, oili ya kwanza imwagwe mapema. Ukiingia karakana Septemba, Oktoba utashindwa kuvumilia, utapakia magunia ringi hazijakaa. Na fundi asitupe thamostati (kile kidude kinachoongoza maji kulingana na joto la injini) eti "huku kwetu joto". Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, visima tuwaachie ng'ombe.

Ukishapima, weka namba za silinda zote 4 hapa, pamoja na maji ya rejeta yametokaje.