Jani la muleni, kabla hujalitia kwenye kikombe

Usiku wa kwanza nilipokunywa chai ya muleni, gugu lenye majani ya manyoya, nilikohoa kuliko nilivyokuwa nakohoa kabla sijainywa. Ilikuwa kiangazi cha 2020, hapa Aurora, Colorado. Moto wa Cameron Peak ulikuwa unateketeza misitu kaskazini yetu na hewa yote ilinuka jivu. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo kutoka Ethiopia, alinionea huruma akaniletea fungu la majani makavu. Akaniambia kwao kuna ndugu wa mmea huu, na kwa Kiamhara jina lake moja ni "sikio la punda". Nikayavunjavunja, nikamwagia maji ya moto, nikachuja kwa chujio langu la chai la siku zote, nikanywa. Haikupita robo saa, koo likaanza kuwasha kama nimemeza upupu.

Mkosaji alikuwa chujio. Jani la muleni limefunikwa vinywele vya malaika pande zote mbili, laini kama blanketi la mtoto mchanga ukilishika, lakini jani likikauka na kuvunjwa, vile vinywele vinakatika na kuelea kwenye maji. Tundu za chujio la kawaida ni milango mikubwa kwao. Vikifika kooni vinachoma. Nimekuwa nikitumia jani hili miaka kadhaa sasa, na wenzangu wa huku wakiniuliza nawaambia hivyo kwanza: usinywe mpaka umechuja kwenye karatasi.

Tuelewane tunazungumzia nini. Muleni, ambao wataalamu wanauita Verbascum thapsus, asili yake ni Ulaya na Asia, na walowezi ndio walioufikisha Marekani. Mwaka wa kwanza unatandaza majani chini kama ua kubwa la kijivujivu. Mwaka wa pili unapandisha mkongojo wa maua ya njano unaoweza kupita kimo cha mtu, unatoa mbegu, unakufa. Hapa Colorado umo kwenye orodha ya magugu ya serikali, kwa hiyo hakuna atakayekugombeza ukiung'oa.

Ila huko kuitwa gugu kuna ubaya wake. Gugu hupuliziwa dawa. Kando ya barabara na reli, ambako muleni hupenda kuota, ndiko wapuliziaji wanakopita. Mara nyingine dawa yao huwa na rangi ya buluu ili waone walipokwisha kupita. Mara moja niliona majani mazuri mno, mapana kama sahani, nikainama, kumbe yana madoa ya buluu. Nikasimama polepole nikaondoka. Na hata pasipopuliziwa, udongo wa kando ya barabara kuu umenyonya moshi wa magari tangu enzi za petroli yenye risasi. Mimi nachuma uani kwa jirani yuleyule, kwenye udongo ambao najua haujapuliziwa kitu.

Hatari kubwa zaidi ni kufananisha. Kuna ua la bustanini, Digitalis, watu hulipanda kwa sababu linapendeza, lina maua kama vikengele vya zambarau. Mwaka wake wa kwanza nalo linatandaza majani chini, nayo yana manyoya kiasi. Lile ni sumu ya moyo. Dawa ya moyo iitwayo digoksini inatoka kwenye jamii hiyohiyo, na unajua dawa ya namna hiyo inavyopimwa kwa uangalifu. Jani lake ni jembamba zaidi, kingo zina vimeno, na upande wa juu ni wa kijani kibichi. La muleni ni nene, limevaa malaika juu na chini, rangi yake kama limepakwa vumbi. Kama huna uhakika, acha. Nunua lililokaushwa kwa muuzaji anayeandika jina la kitaalamu kwenye pakiti.

Sasa kukausha. Nachuma majani ya mwaka wa kwanza, asubuhi umande ukishatoka, nimevaa glavu kwa sababu malaika wale huniwasha mikononi. Siyaloweki majini, maana yananyonya maji kama sponji. Nakung'uta wadudu na vumbi, yaliyochafuka natupa. Kisha nayapanga kwenye ungo wangu niliotoka nao Tanga, jani moja moja bila kulaliana, kivulini, penye upepo. Jua kali linayababua.

Mwaka wa pili wa kazi hii nilijiona fundi. Baada ya siku nne majani yalikuwa yanakwaruza vizuri mkononi, nikayajaza kwenye chupa ya kioo nikafunga kwa nguvu. Wiki mbili baadaye nikafungua: harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye ndoo, na ukungu wa kijivu umetanda juu. Ngozi ya jani ilikuwa imekauka, lakini ule uti wa katikati, mnene kama kijiti cha kiberiti, ulikuwa bado na maji ndani. Nikatupa chupa nzima. Kuondoa palipoota ukungu na kunywa palipobaki si uchumi, ni kujitafutia maradhi. Siku hizi nachana uti kwa mkono na kuutupa mapema, au nasubiri mpaka nikiukunja unakatika kwa mlio. Ukipinda tu, rudisha kwenye ungo. Hapa kwetu hewa ni kavu, kwa wiki moja kazi imekwisha. Anayekaa penye unyevunyevu atumie mashine ya kukaushia matunda kwenye moto mdogo, nyuzi 35 hadi 40 hivi za Selsiasi. Kwenye chupa nabandika jina na tarehe, naiweka kabatini mbali na jiko, na baada ya mwaka kilichobaki kinakwenda kwenye mboji.

Kikombe changu ni hivi. Vijiko viwili vya chai vya jani lililovunjwa kwa vidole (sisagi kwenye mashine, unga unazidisha vinywele), maji yaliyotoka kuchemka kiasi cha mililita 250, nafunika kwa kisosi dakika 10 hadi 15. Nachuja kwa chujio la kawaida kuondoa makapi. Halafu namimina polepole kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, na hapo usiwe na haraka, inadondoka tone tone. Ukiisha, tazama ile karatasi kwenye mwanga: utaona utando wa kijivu kama pamba. Ndio uliokuwa uende kooni. Rangi ya chai ni ya dhahabu hafifu, ladha yake haina makuu, kama nyasi kavu. Natia tangawizi na asali. Mara ya kwanza kunywa nusu kikombe uone mwili unasemaje. Mimi sizidishi vikombe viwili kwa siku wala wiki moja mfululizo.

Inasaidia nini? Koo linalainika, basi. Hao wanaotangaza mtandaoni kwamba inasafisha mapafu wanauza maneno. Shirika la Dawa la Ulaya linakubali matumizi ya muleni kwa koo linalouma pamoja na kikohozi kikavu na mafua, lakini ni maua, si majani, na kwa sababu ya mazoea ya miaka mingi tu. Kuna wanaolivuta jani hili kama sigara eti kutibu kifua. Moshi ni moshi, jamani.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo, mimi siwapi. Utafiti juu yao haupo wa kutosha. Anayemeza dawa za kila siku amuulize mfamasia wake kwanza. Na kikohozi kikifika wiki mbili, au kikija na damu, homa, jasho la usiku au kukosa pumzi, weka kikombe chini uende ukapimwe. Nyumbani tunajua wiki mbili za kukohoa ni za kupima kifua kikuu.

Mbegu usiziguse. Zina sumu iitwayo rotenoni, na watu wa zamani walizitumia kulevya samaki. Nilipomsimulia mama yangu wa Tanga kwa simu, alicheka: "Kumbe utupa huo!" Kweli, utupa wetu, mmea wa kulevyea samaki, una sumu za jamii hiyohiyo. Hata hivyo alitaka nimletee mbegu kidogo apande. Nikamkatalia. Mmea mmoja unamwaga mbegu zaidi ya laki moja, na uzima wake hauishi leo wala kesho: mwaka 1879 huko Michigan, William James Beal alifukia chupa zenye mbegu za magugu, na chupa iliyofukuliwa 2021 ilitoa miche ya jamii hii ya muleni, baada ya miaka zaidi ya 140 ardhini. Nikaone wapi uso wa kuwaambia majirani wa Tanga kwamba mimi ndiye niliyewaletea?

Mama akaguna. "Basi baki na dude lako. Mimi mchaichai wangu uko hapo uani, na hauna manyoya."