Kabla ya Kumuuliza Mtoto Yaliyompata

Kwa miaka tisa nimefanya kazi, kwanza kwa kujitolea na baadaye nikiwa mratibu, katika shirika dogo la jamii linalowahudumia watoto na familia zilizopitia ukatili, maafa na vifo vya ghafla. Watu wanaotaka kuanzisha shirika kama letu, na wazazi wanaofikiria kumleta mtoto wao, huniuliza swali lile lile: mtoto akishafika, mnamfanyia nini? Hutarajia nitaje tiba, na tiba ipo, nami nitaieleza. Hata hivyo jibu langu la kwanza huwavunja moyo kidogo, kwa sababu huwaambia kwamba katika wiki za mwanzo sehemu kubwa ya kazi yetu huwa ni kwa mtu mzima aliyemleta.

Nilipoanza sikulijua hilo. Katika mwezi wangu wa pili nilikabidhiwa mvulana wa miaka saba aliyekuwa ameshuhudia mama yake akipigwa nyumbani hadi akalazwa (nimebadilisha baadhi ya mambo ili asitambulike). Nilikuwa nimeshika imani kwamba jambo likifichwa moyoni huoza huko huko, kwa hiyo siku ya kwanza nilikaa naye na kumwomba, kwa sauti ya upole niliyojivunia, anieleze yaliyotokea usiku ule. Hakulia. Alisimulia kwa mtiririko, sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho, macho ameyakaza ukutani, kama mtoto anayesomeshwa kwa sauti kitabu asichokielewa. Nilirudi nyumbani nikijipongeza. Usiku huo alikojoa kitandani baada ya wiki tatu za kulala pakavu, na kwa siku 12 zilizofuata alikataa katakata kuletwa ofisini kwetu. Mama yake alinieleza hayo bila kunilaumu, na ningependelea anilaumu.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba aliyekuwa akisimulia alikuwa salama kwa kuwa tu ameketi kwenye chumba salama. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kuhisi hatari na kuuamsha mwili mzima kabla ya akili kupata nafasi ya kupima. Adrenalini na kortisoli, homoni za kuuandaa mwili kukabili hatari, huachiliwa, moyo hukimbia, misuli hujiandaa kupigana, kukimbia au kuganda. Kwa mtoto aliyeishi katika hofu kwa muda mrefu, mtambo huo huzoea kuwashwa na vitu vidogo: mlango uliobamizwa, harufu fulani, mtu mzima anayemsogelea karibu mno. Shuleni ataitwa mtukutu au mvivu, kwa kuwa hakai akatulia na hasikii anachoambiwa, ilhali masikio yake yote yako kwenye hatua za watu wanaopita nje. Mwingine atarudia tabia za utotoni alizokwisha kuziacha, kama kunyonya kidole au kumng'ang'ania mama asitoke chumbani. Wapo pia wanaonyamaza, wakawa watiifu kupita kiasi, na hao ndio hunitia wasiwasi zaidi kwa sababu hakuna anayewaleta. Mtoto asiyesumbua watu husifiwa.

Ni haki kusema vilevile kwamba watoto wengi waliopatwa na tukio la kutisha hupata nafuu bila tiba maalumu, iwapo hatari imeondoka na nyumbani kumetulia. Utambuzi wa ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ambao uliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, hudai dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja. Mzazi ambaye mtoto wake anaota ndoto mbaya wiki moja baada ya ajali hana sababu ya kuamini kwamba mtoto ameharibika. Ana sababu ya kukaa naye karibu na kumwangalia. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 umejengwa juu ya vitenzi vitatu, angalia, sikiliza, unganisha (yaani mtu na msaada anaouhitaji), na hakuna kati yake kinachomlazimisha mtu kusimulia. Kile kikao kimoja cha kuwakusanya watu mara tu baada ya janga na kuwataka waeleze kila walichoona na kuhisi, ambacho mashirika mengi bado hukipenda kwa kuwa kinaonekana kama kazi kubwa imefanyika, hakipendekezwi tena.

Sasa nirudi kwa yule mtu mzima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliendesha vituo vya kulelea watoto mjini London wakati mji ukipigwa mabomu, na walichokiona kiliwashangaza wengi: watoto waliokuwa na mama au mlezi wao wakati wa mashambulizi mara nyingi walistahimili vizuri, na waliotengwa na mama zao ili wawe mbali na mabomu ndio walioumia zaidi. Miaka mingi baadaye Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, kuanzia uchanga hadi utu uzima. Miongoni mwa watoto waliokulia katika mazingira magumu kabisa, kiasi cha theluthi moja waligeuka watu wazima wenye uwezo na utulivu, na jambo mojawapo lililojitokeza tena na tena katika maisha yao ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba. Hakulazimika kuwa mzazi. Angeweza kuwa bibi, dada mkubwa au mwalimu.

Ndiyo maana siku hizi, mama au mlezi anapofika kwetu, humuuliza kwanza habari zake yeye. Analala saa ngapi na anaamka mara ngapi? Nani humpokea mtoto akichoka? Je, aliyemuumiza mtoto, au aliyemuumiza yeye, bado ana ufunguo wa nyumba? Swali hili la mwisho haliruki mtu, kwa sababu mtoto anayerudi kila jioni kwenye nyumba yenye hatari hatibiki, na kumfundisha kupumua polepole huku anapigwa ni kumdhihaki. Hapo kazi ya shirika ni ulinzi kwanza: kumwona afisa ustawi wa jamii, polisi, hospitali, mahali pa kulala usiku ule. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unazitaja kazi zote mbili, ulinzi katika ibara ya 19 na kupona na kurejea katika jamii katika ibara ya 39, nami naona mpangilio huo una busara hata kama haukukusudiwa hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo, usimwahidi mtoto kamwe kwamba utaificha siri yake. Mwambie mapema, kabla hajafungua kinywa, kwamba ukisikia kuna mtu anamuumiza itakubidi umweleze mtu anayeweza kulizuia jambo hilo, na umtajie ni nani. Na pale ambapo lazima aeleze yaliyompata kwa ajili ya kesi, pigania aeleze mara moja, kwa mtu aliyefunzwa kuhoji watoto, badala ya kurudia mbele ya kila meza anayopelekwa.

Mlezi mwenyewe mara nyingi ana kiwewe chake. Mama wa yule mvulana alikuwa akishtuka kila simu ilipolia, na mtoto, aliyekuwa akiusoma uso wake kama anayesoma hali ya hewa, alishtuka pamoja naye. Tulimpa mnasihi wake, saa ile ile ambayo mwanawe alikuwa katika chumba cha pili. Tuliyomfundisha kwa ajili ya nyumbani yalikuwa madogo kiasi cha kuonekana ya kijinga: usiku uwe na utaratibu mmoja usiobadilika, taa ya kibarazani ibaki inawaka, amweleze mtoto asubuhi kila kitakachofuata siku hiyo na nani atamchukua shuleni, asimwambie asahau wala ajikaze, na mtoto anapolipuka kwa hasira ashushe sauti, akae chini awe kimo chake, asubiri. Ilimchukua muda mrefu kuacha kusema «nyamaza». Na mimi pia ningechukua muda mrefu.

Mvulana aliporudi, mwenzangu mwenye uzoefu mkubwa alinikataza kumuuliza lolote kuhusu usiku ule. Katika chumba chetu cha michezo watoto huvua viatu mlangoni. Yeye hakuvua. Aliingia navyo, kamba zimefungwa fundo mbili, akaketi mahali anapoweza kuuona mlango, na kikao kikiisha alimvuta mama yake mkono wakafuata njia ya mkato, karibu wakikimbia. Mwenzangu aliniambia nisigusie viatu. Wiki ya 11 alivivua, bila kusema kitu, akavipanga ukutani ncha zikitazama nje, jinsi anavyoviweka mtu anayejua huenda akavihitaji ghafla. Niliandika kwenye jalada lake: «Amevua viatu.» Mtu wa tathmini aliyepitia majalada yetu mwaka ule alitaka kujua hilo ni kiashiria cha nini.

Baada ya hapo ndipo tiba yenyewe ilipoanza, na mtu aliyefunzwa, si mimi. Njia iliyotumika ni tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, iliyobuniwa na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, ambayo mara nyingi huchukua vikao 12 hadi 16 na hushirikisha mlezi tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto hujifunza kwanza kutambua hisia zake na kuutuliza mwili wake, na simulizi la tukio huja baadaye, kidogo kidogo, kwa maneno au michoro, kwa kasi anayoihimili, kisha humsomea mlezi aliyekwisha kuandaliwa kulisikiliza bila kuvunjika. Kwa hiyo kuzungumza kupo. Nililokosea mimi ni mahali pake katika safari.

Kwa wadogo wasioweza kusimulia, mchezo ndio lugha, ila mchezo nao unahitaji jicho. Mwaka 1976 watoto 26 walitekwa ndani ya basi la shule mjini Chowchilla, California, wakazikwa wakiwa hai ndani ya gari lililofukiwa ardhini, na wote wakatoka salama. Daktari wa akili Lenore Terr aliyewafuatilia alieleza mchezo wa kurudia tukio lile lile, mkavu, usio na furaha wala mwisho. Nimeuona. Msichana wa miaka minne alimfukia mwanasesere kwenye sanduku la mchanga, akampigapiga juu kwa kiganja, akamfukua, akamfukia tena, kwa vikao vitano mfululizo, na kila mara uso wake ulikuwa mzito zaidi. Mnasihi wake hakumkataza. Katika kikao cha sita alimuuliza tu, nani mwingine anajua kwamba mtoto yuko humo? Msichana alifikiri sana, akaenda kwenye kapu la midoli, akachagua mbwa.

Kwa wanaotaka kuanzisha shirika nina machache, na mengine huwaudhi. Usimpe mtu anayejitolea kwa miezi mitatu mtoto wa kumhudumia ana kwa ana; mpe majalada, simu, chumba cha kusubiria, kwani mtoto aliyekwisha kuachwa hahitaji mtu mwema mwingine wa kumzoea na kumpoteza. Chunguza historia ya kila anayefanya kazi na watoto, hata kama ni rafiki yako wa msikitini au kanisani, na milango ya vyumba iwe na kioo. Usipige picha za watoto kwa ajili ya wafadhili. Tuliwahi kumpoteza mfadhili kwa hilo, na mwaka ule tulikaa bila dereva. Wahudumu wenu wakae na msimamizi aliye na ujuzi angalau kila wiki mbili, wazungumzie yanayowabakia kichwani usiku, maana anayesikiliza mambo haya kila siku bila kusikilizwa huanza ama kuota ndoto za wengine ama kuwa mkavu.

Na muwe waangalifu na hesabu. Utafiti mkubwa wa Marekani juu ya matukio mabaya ya utotoni, ulioanza kuchapishwa mwaka 1998 na uliohusisha watu wazima zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba kadiri matukio hayo yanavyokuwa mengi ndivyo uwezekano wa magonjwa ya baadaye unavyopanda. Ni utafiti muhimu kwa wapanga sera. Nimeona mashirika yakiugeuza kuwa fomu ya mapokezi, mtoto akapewa alama siku ya kwanza na mama akaondoka akiamini amesomewa ramli. Takwimu za kundi hazisemi lolote kuhusu mtoto aliyeketi mbele yako.

Mzazi anayechagua mahali pa kumpeleka mtoto na aulize mambo manne: nani hasa atakaa na mwanangu na kwa muda gani, mimi nitahusishwa vipi, jalada lake linasomwa na nani, na mwisho wake utakuwaje. La mwisho husahaulika. Wiki sita kabla ya kumaliza tulimchorea yule mvulana karatasi yenye visanduku sita, na kila alipofika alikata kimoja kwa kalamu nyekundu. Siku ya Alhamisi alipokata cha sita, alivaa viatu vyake, ambavyo siku hizo alikuwa akivitupa popote, akamuuliza mama yake kama wanaweza kupita njia ya mzunguko.