Jumamosi moja, watoto watatu na dani: twende Nakuru ama Impala?

SWALI: Habari dadangu. Watoto wamefunga shule na nimewaahidi Jumamosi moja ya kutoka, sasa baba yao anasema twende Ziwa Nakuru wakaone faru, mimi nafikiria tu Impala, ile hifadhi ndogo ya wanyama hapa Kisumu, manake hatuna gari na tunaenda na mama mkwe wangu, watoto wanamuita dani, na magoti yanamsumbua. Kifunga mimba ana miaka 3, mkubwa 11. Tufanye aje? – Mama wa watatu, Ahero

JIBU: Mama wa watatu, mimi niko upande wako kabisa, nendeni Impala. Ziwa Nakuru ni pazuri na faru wako, lakini ile mbuga ina kilomita za mraba kama 188 na huruhusiwi kutembea kwa miguu ovyo, unashuka tu pale pamewekwa pa kushukia, kwa hivyo bila gari lazima mkodishe, na kabla ufike hapo mshakaa kwa matatu asubuhi nzima na mtoto kwa mapaja na dani amekunja magoti. Wekeni pesa pole pole, Nakuru mtaenda siku yake, mkilala.

Impala iko kilomita kama 3 tu kutoka tao, kando ya ziwa, na ni ndogo, mnatembea kwa miguu yenu. Mkishuka stage chukueni tuktuk moja, mtatoshea mkibebana. Malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, si keshi, sasa fungua akaunti na ulipe ukiwa nyumbani usiku wa Ijumaa, usingoje ufike geti ndio uanze kutafuta network na watoto wanalia jua. Bei angalia hapo hapo kwa eCitizen, na ubebe kitambulisho.

Mwende mapema, hii nasisitiza. Geti linafunguliwa asubuhi sana, na ukifika saa mbili bado kuna baridi, wanyama hawajalala, na dani anatembea vizuri. Ikifika saa saba simba ukimwona ni mgongo tu. Halafu nyinyi ni watu wa Ahero mnajua mvua ya huku, asubuhi jua safi, jioni ngurumo.

Wale wakali kama simba na chui wako ndani ya uzio, lakini swala pala, ndio hao impala wenyewe, wanazunguka huru, na hapo ndio nataka mkae. Msikimbilie simba. Tafuta kivuli, dani akae, watoto waangalie swala bila kelele. Waulize nani ndume, watagundua wenyewe kwamba mwenye pembe ndiye dume, jike hana. Akigeuka, matakoni ana mistari 3 myeusi, kila mguu mmoja na mwingine kwa mkia. Yule wa miaka 11 mpe daftari achore. Mpwa wangu alichora hiyo mistari mpaka leo iko ukutani kwao.

Sasa chakula. Chupa za plastiki za kutupa zilipigwa marufuku kwa mbuga zote tangu Juni 2020, kwa hivyo maji tia kwa chupa ya shule ama ya chuma, na chapati na mayai weka kwa hotpoti yenye kifuniko kinafunga vizuri, manake tumbili wanakuangalia kabla hujaketi. Nimeona mmoja akishuka kwa mti, akachukua chapati mkononi mwa mtoto na akarudi juu kabla mama yake aseme hata kitu, na yule mtoto alilia kwa uoga siku yote. Fungua chakula mkiwa mmekaa pamoja, mdogo awe katikati, na msiwarushie hata ganda la ndizi, hiyo ndiyo inawafundisha kunyang'anya.

Kando ya maji shika mtoto mkono. Viboko wako humo, hata kama uso wa maji umetulia, na jioni wanatoka kula nyasi, kwa hivyo jioni msitembee ufuoni, na mtu asisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Wasiingize miguu ziwani pia, kichocho iko.

Mkitoka saa sita, ufuo wa Dunga ni mbele tu kidogo, dani apate samaki yake ya ngege na ugali. Watoto watataka boti. Kama kila mtu hana lifejaketi inayomtosha, hata yule mdogo, usikubali, hata kama mwenye boti anakuambia ni hapa tu karibu. Mkimaliza kula panda tuktuk mrudi stage, saa nane muwe kwa matatu ya Ahero kabla mawingu yafunge.