Ulemavu jukwaani na kwenye turubai: majibu kwa wasomaji wawili

SWALI: Ninaongoza kikundi cha maigizo cha vijana, na tunaandaa tamthilia kuhusu msichana anayetumia kiti cha magurudumu. Mwigizaji niliyemchagua hana ulemavu, ila ana kipaji na amejifunza kwa bidii kukiendesha kiti hicho. Wiki iliyopita kijana mmoja mwenye ulemavu wa miguu alikuja kututazama mazoezini, akaondoka kabla ya mwisho bila kusema neno. Tumekosea wapi?

JIBU: Mwenye kuweza kukujibu kwa yakini ni kijana mwenyewe, nami ningekusihi umfuate na kumsikiliza kabla ya kuendelea na mazoezi. Hata hivyo, swali lako linagusa jambo la siku nyingi. Kwa karne kadhaa ulemavu jukwaani umekuwa kama leba, yaani vazi la jukwaani: mwigizaji huuvaa onyesho linapoanza na kuuvua linapokwisha, na mara nyingi umetumiwa kumwashiria mtazamaji uovu au unyonge. Mfalme Richard wa Tatu katika tamthilia ya Shakespeare ana kibyongo na mkono ulionyauka, na umbo hilo linafungamanishwa na ukatili wake. Lakini mifupa ya mfalme huyo, ambaye alikuwa mtu halisi, ilipofukuliwa mjini Leicester, Uingereza, mwaka 2012, ilionyesha uti wa mgongo uliopinda upande, na mikono isiyo na kasoro ile inayosimuliwa. Ilibidi tungoje hadi mwaka 2022 ndipo kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare ya Uingereza ilipompa nafasi hiyo mwigizaji mwenye ulemavu, Arthur Hughes, ambaye alizaliwa na tofauti katika mkono wake wa kulia.

Kwa hiyo itazame upya hadithi yako. Msichana huyo anataka nini, anamkasirikia nani, anampenda nani? Ikiwa habari yake yote ni kiti, na kilele cha mchezo ni pale anapoinuka na kutembea huku hadhira ikifuta machozi, basi mmemwambia yule kijana kwamba maisha anayoishi ni kosa linalosubiri kusahihishwa. Mwigizaji wako hodari anaweza kupewa nafasi nyingine, na wenye ulemavu wakaalikwa kuandika, kuongoza na kuigiza. Kampuni ya maigizo ya Graeae ya London, iliyoanzishwa mwaka 1980 na Nabil Shaban pamoja na Richard Tomlinson, imeonyesha faida ya kufanya hivyo: lugha ya alama, maandishi na maelezo kwa wasioona hufumwa ndani ya mchezo wenyewe, hata vikawa sehemu ya uzuri wake.

SWALI: Nimechora kwa miaka ishirini. Kiharusi kimeudhoofisha mkono wangu wa kulia, na nikitumia wa kushoto mistari inatetemeka. Kila anayekuja kunijulia hali ananiambia nistahimili. Je, nipambane mpaka nirudi nilipokuwa, au niache?

JIBU: Pole sana. Naelewa kwa nini neno hilo linakuchosha, kwa sababu wengi wakilitamka humaanisha kunyamaza. Wachoraji waliopitia hali kama yako walilipa maana nyingine. Frida Kahlo, baada ya basi alilopanda kugongana na tramu (treni ndogo ya barabarani) mwaka 1925, alilala kitandani akiwa na kioo juu yake na kifaa cha kushikilia turubai la kuchorea alichotengenezewa, akajichora mwenyewe. Katika picha yake ya mwaka 1944 iitwayo Nguzo Iliyovunjika, misumari imemchoma mwili mzima, machozi yanamtiririka, na bado anatukazia macho. Maumivu hayakufichwa wala kuombewa huruma.

Henri Matisse ndiye ningependa umtafakari zaidi. Baada ya upasuaji wa mwaka 1941 hakuweza tena kusimama mbele ya turubai kwa muda mrefu, basi wasaidizi wake wakawa wanapaka karatasi rangi, yeye anazikata kwa mkasi akiwa ameketi au amelala, kisha zinabandikwa ukutani jinsi anavyoelekeza. Konokono, kazi yake ya mwaka 1953, ina karibu mita 3 kila upande. Hakurudi alipokuwa; alifika mahali ambapo mkono wake wa zamani haukuwahi kumfikisha, na kwa maoni yangu kazi hizo ni miongoni mwa bora alizotuachia.

Muulize daktari wa mazoezi ya viungo kuhusu brashi ya kufungwa mkononi, kama mchoraji Chuck Close alivyofanya baada ya kupooza mwaka 1988. Jaribu karatasi kubwa, ambako bega hufanya kazi pamoja na vidole. Na mistari ile inayotetemeka usiitupe kwanza: iandikie tarehe, iweke, na baada ya miezi michache mwonyeshe mchoraji unayemwamini bila kumwambia ilichorwa kwa mkono upi.