Ukiulizwa unatoka wapi, usijibu "Dodoma tu"

Desemba iliyopita binti yangu alirudi likizo kutoka shule ya bweni ya mkoa mwingine. Yuko kidato cha pili. Usiku wa pili tulikuwa jikoni tunachambua mlenda, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama: "Mama, shuleni huwa nasema natoka Dar."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mwanzoni alisema ukweli, wakamcheka. Mmoja alimuuliza kama ametoroka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Mwingine akakinga kiganja mbele yake, akamuigizia ombaomba, maana watu wa Dodoma husemwa kuwa ni waombaji. Tangu siku hiyo kila anayemuuliza anajibiwa Dar, Tabata, kwa kuwa mama yake mdogo anaishi huko na mitaa anaijua kiasi cha kutokamatwa na uongo.

Sikumgombeza. Ningeanzia wapi? Mwaka 2003, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilikwenda Dar es Salaam kujifunza ushonaji. Nilikaa chumba kimoja na wasichana watatu kwa miezi minane, wote wakiamini kwetu ni Morogoro. Nilichagua Morogoro kwa sababu niliiona kupitia dirisha la basi na nikakumbuka ina milima. Bibi yangu aliponitumia kifurushi cha ubuyu na karanga, nilikipokea stendi, nikakimaliza peke yangu polepole, usiku, ili nisiulizwe kimetoka wapi. Hilo la ubuyu linaniuma mpaka leo, maana bibi aliuchuma kwa mikono yake.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyewahi kuuficha mji wake na sasa amemwona mwanawe akirudia. Nawaandikia wazazi wenzangu wa Dodoma, wenyeji na waliohamia.

Jambo la kwanza lililonishtua baada ya mazungumzo yale ya jikoni ni kwamba watoto hawajifunzi aibu hii shuleni peke yake. Wanaisikia kwetu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu hakiko mbali na soko la Majengo, na kazi ya kushona ina masikio kuliko macho. Nikaanza kusikiliza. Mteja amepigiwa simu: "Niko Dodoma tu hapa." Mwingine anaulizwa watoto wanasoma wapi: "Wako huku huku Dodoma tu." Mwenyeji kabisa, mzaliwa wa Chang'ombe, anajitambulisha kwa mgeni: "Sisi ni watu wa huku tu." Nina mteja wa Moshi, sijawahi kumsikia akisema yeye ni wa Moshi tu. Na mimi mwenyewe nilijikamata nikilitamka kwa muuza vitambaa wa Kariakoo, siku hiyo hiyo niliyoanza kuhesabu. Neno lenyewe lina herufi mbili, na kila tunapolitamka mbele ya mtoto tunamwambia alipozaliwa ni pungufu.

Nadhani linatoka kwenye kusubiri. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulitolewa mwaka 1973. Mimi nilizaliwa miaka kumi na moja baadaye, nikakua nikijaza kwenye daftari kwamba makao makuu ya nchi ni Dodoma, wakati kila mwenye shida ya wizara alipanda basi kwenda Dar. Mtoto akiambiwa kila mwaka kwamba kwao patakuwa pazuri siku moja, anachosikia ni kwamba leo si pazuri. Tulilelewa ndani ya ahadi hiyo zaidi ya miaka arobaini, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa Serikali inahama kweli. Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Majaliwa akahamia. Tarehe 26 Aprili 2018 tukaitwa jiji. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 410,956, ya 2022 ikatukuta 765,179. Mimi niliyaona hayo kwa oda: suruali za ofisini, suti za akina mama, sare za shule ambazo sikuwahi kuzijua rangi zake.

Nilifikiri aibu itaondoka na majengo ya Serikali kule Mtumba. Haikuondoka, ilibadili sura. Sasa nasikia sifa ambayo nayo inaumiza: "Siku hizi Dodoma imekuwa mji." Anayesema hana nia mbaya. Lakini sikiliza anachofuta. Maana yake bibi yangu, na mama aliyekuwa akiuza uwele Majengo kabla sijazaliwa, na waliolima zabibu Hombolo na Mvumi miaka yote hiyo, hawakuwa wanaishi mahali popote. Ukihamia hapa, tafadhali, sifia mji bila kufuta watu uliowakuta. Sema barabara zimeongezeka. Sema treni ya SGR iliyoanza 2024 imekusogezea Dar. Usiseme kabla yako palikuwa pori.

Sasa nirudi kwenye zile kejeli mbili alizokutana nazo binti yangu, kwa sababu nimejifunza kwamba mtoto hawezi kujibu asichokijua, na "wapuuze" si jibu.

Kuhusu ombaomba. Bibi yangu alizaliwa miaka michache baada ya njaa ambayo Wagogo, wenyeji wa Dodoma, wanaiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920, na alisimuliwa na mama yake. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe na nafaka, likachukua na wanaume kubeba mizigo. Wakaja Waingereza wakachukua vilivyobaki. Kisha mvua ikakata. Nchi ya wafugaji na wakulima, iliyokuwa na desturi zake za kuweka akiba na kukopeshana mifugo ili ukame wa mwaka mmoja usimalize ukoo, ikafikishwa kwenye ukame huo haina kitu ghalani wala zizini. Watu walikufa kwa maelfu. Waliobaki walikwenda kuhemea mbali. Kuhemea si kuomba. Ni kutoka kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, kwa kibarua au kwa undugu, ili uliowaacha nyumbani waishi. Bibi alitenganisha maneno hayo mawili kwa ukali, hakuruhusu mjukuu ayachanganye. Wanaoomba barabarani leo wapo, wa makabila mengi, na umaskini wao ni wa kuondolewa, si wa kuchekwa. Lakini mtoto wa Dodoma akijua Mtunya, akinyooshewa kiganja anajua anachekewa njaa ambayo babu zake hawakuileta.

Kuhusu Mirembe, nilimwambia binti yangu ukweli wa nyumbani kwetu ambao tulikuwa tumeufunika. Ndugu yangu wa karibu aliugua akili mwaka mmoja mbaya, akalazwa pale, akatibiwa, akatoka, na leo ana familia na anafanya kazi. Hospitali ile imekuwepo tangu enzi za Waingereza, na familia za kila kona ya nchi zimeleta watu wao. Tukafanya mazoezi mezani, mimi nikiwa mchokozi, yeye akijibu. Mara ya kwanza alilia. Mara ya tatu akasema: "Ndiyo, Mirembe iko kwetu. Hata ndugu yako akiumwa atapokelewa." Nilisimama nikaenda kuchochea jiko ili asinione uso.

Jaribuni mazoezi hayo na watoto wenu. Mwachie mtoto atafute maneno yake, wewe umpe habari.

Halafu lipo la jangwa. "Nyie mnaishi jangwani." Hili huwa najibu kwa hesabu kwanza: Dodoma hupata mvua ya zaidi ya milimita mia tano kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ni nchi ya nusu ukame, yenye msimu mmoja wa mvua, na ndiyo maana bibi zetu walishika uwele na mtama ambavyo havikati tamaa haraka kama mahindi. Ukame huo huo unaupenda mzabibu. Hapa zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mkulima akikosa mnunuzi wa tunda anakamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda vya mvinyo. Jangwa halivuni mara mbili.

Bibi alikuwa na jibu zuri kuliko langu. Mnajua hadithi ya jina letu: tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, watu wakasema kwa Kigogo kwamba amedidimia, na mahali pakabaki na jina hilo. Wengi huisimulia kama mkosi, mji wa kuzama. Bibi aliisimulia, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na tembo alifuata nini hapa, kama hapakuwa na maji?"

Lakini sitaki mtu asome haya akaanza kupaka rangi. Nimelifanya kosa hilo. Mwaka 2017 alinijia mteja mgeni, mke wa mtumishi, amehamia mtaa mmoja na mimi. Akaniuliza habari za maji. Kwa sababu nilikuwa nimechoka kusikia mji wangu ukisemwa, nikamwambia maji hayana shida kabisa. Wiki hiyo hiyo bomba lilikauka siku tatu, na yalipotoka aliona chumvi yake kwenye sufuria. Alirudi kuchukua gauni lake, hakuniuliza kitu kingine kwa miezi mingi. Alikuwa na haki. Ukidanganya kwa ajili ya mji wako, anayekusikia anaacha kuamini hata yale mazuri ya kweli.

Siku hizi ninasema kama mkazi anavyosema. Mtaa wetu maji ya kisima yana chumvi, nafulia, ya kunywa nachota kwingine. Mgao upo, nunua simtanki kabla ya kununua kochi. Upepo wa Julai na Agosti unabeba vumbi, kwa hiyo kitambaa cheupe nakishona asubuhi mlango ukiwa umefungwa. Kodi za nyumba zimepanda na zimewaumiza wenyeji kuliko wageni. Sentensi hizo zinataja mtaa, mwezi, na la kufanya. Ni tofauti kabisa na kukunja uso na kusema "Dodoma hapakaliki," kwa sababu kwa hizo unaweza kwenda kwenye mkutano wa mtaa ukadai, na kwa ile huwezi kudai chochote.

Kwa mliohamia nina ombi moja, la muda. Kaeni wikendi tatu mfululizo bila kukimbilia Dar. Najua ndugu wako kule. Lakini mtu anayelala hapa Jumatatu hadi Alhamisi atalijua jiji la foleni ya ofisini tu, na ndilo atakalowasimulia watoto wake. Jumamosi moja nendeni Kondoa, Kolo, mkaone michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Nyingine nendeni vijijini kwenye zabibu. Ya tatu msiende popote. Pandeni jioni upande wa vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, jua likishuka, mtazame bonde zima na yale mawe makubwa yanavyobadilika rangi, kaeni mpaka baridi iwarudishe nyumbani.

Na jifunzeni kusalimia. Ukikutana na watu wazima wa Kigogo, sema "mbukwenyi," ukiwa umesimama vizuri, bila kuigiza sauti ya vichekesho. Kuna mama mzee anayepita kibandani kwangu na ukwaju. Mwaka mzima wateja walimwita "bibi ukwaju." Siku mteja mmoja kijana, mtumishi wa wizara, alipomsalimia hivyo kwa heshima, mama yule aliweka kapu chini, akamuuliza amezaliwa na nani, wazazi wazima, wangapi, na ukwaju alimpa wa bure. Kijana alichelewa kazini. Sasa humletea sukari.

Sisi wenyeji nasi tuwafundishe wageni bila kisirani. Nilipoteza muda mwingi nikinung'unika kwamba hawatujui, na sikuwahi kumwambia hata mmoja kitu cha kutujua. Hata majina makubwa tuliyonayo tunayaacha yasemwe na wengine. Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa hapa, alipeleka muziki wa zeze na ilimba, ala zetu za asili, kwenye majukwaa ya dunia mpaka alipofariki 2003, mwaka ule ule ambao mimi nilikuwa Dar nikijifanya wa Morogoro. Wenzangu wa chumbani walilijua jina lake. Nilikaa kimya.

Binti yangu amerudi shule. Mwezi wa tatu alinipigia kwa simu ya matroni, akaniambia amewaambia ukweli rafiki zake wawili. Wengine bado. Nikamwambia wawili wanatosha kwa sasa, na nikamuuliza kama wanapenda zabibu.

Yule mteja wangu wa maji ya chumvi naye alikuja Agosti kushonesha, akataka kujua anavyoweza kumpelekea mama yake zabibu Dar kwa treni zisiharibike. Nilimwambia hivi, na wewe msomaji chukua: nunua shambani, mkatiwe asubuhi jua halijawa kali. Usizioshe, maji ndiyo yanayoziozesha. Toa punje zilizopasuka. Tumia katoni pana yenye matundu, usitumie ndoo, maana za chini zitapondwa. Tandika karatasi, panga vishada safu moja, juu yake karatasi tena. Na katoni uibebe mapajani.