Panga, Mundu au Msumeno wa Kukunja?

SWALI: Mhariri, kikundi chetu cha matembezi hutunza kijia cha miguu katika shamba la mtu binafsi karibu na Ngong, kwa idhini ya mwenyewe. Kila baada ya mvua za masika, kijia hufungwa na nyasi, lantana na matawi ya miti michanga. Mimi hutoka Umoja kwa matatu, kwa hiyo nataka kifaa kimoja kinachoingia katika mkoba wa mgongoni. Muuzaji mmoja alinishauri ninunue panga, fundi wa Gikomba akanionyesha mundu, na mwenzangu anausifu msumeno wa kukunja. Nichague kipi?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, ikiwa ni lazima kiwe kimoja, nunua msumeno wa kukunja, na kazi ya nyasi mwachie mwenzako mwenye fyekeo.

Sababu yangu kubwa ni kile kinachobaki ardhini baada ya kukata. Panga hukata shina kwa mshazari na kuacha kisiki chenye ncha, ambacho baada ya wiki chache hufunikwa na majani, kikamsubiri mtoto anayekimbia au mtu mzima anayeteleza. Msumeno hukata sawasawa na karibu kabisa na udongo. Isitoshe, panga likigonga shina kavu lenye unene unaozidi kidole gumba huweza kuruka na kuurudia mguu wa mwenye kulishika, na kijia chembamba chenye watu mbele na nyuma hakina nafasi ya kulizungusha kwa usalama.

Tafuta msumeno wenye bapa la sentimita 20 hivi, ambao hukata bila taabu tawi la unene wa hadi sentimita 10. Meno yawe makubwa na yenye nafasi kati yake, kwa kuwa mti mbichi hutoa unga wenye majimaji unaoziba meno madogo. Misumeno mingi ya aina hii hukata inapovutwa, kwa hiyo vuta kwa utulivu wala usisukume kwa nguvu, maana bapa jembamba litapinda. Ukiwa bado dukani, ufungue na kuufunga mara kadhaa uhakikishe kwamba kizuizi kinalishika bapa imara, kwani kizuizi kilicholegea hulifunga bapa juu ya vidole. Uliza pia kama bapa la akiba linapatikana, kwa sababu meno yaliyofanywa magumu kwa moto mkali hayanoleki kwa tupa. Yakiisha makali, hubadilishwa bapa zima.

Unapokata tawi zito, anza kwa kulikata kidogo upande wa chini, kisha umalizie juu, ili lisianguke na kuchuna ganda la mti.

Mundu una sifa yake: ncha iliyopinda huvuta mimea inayotambaa na kuitenga kabla ya kuikata. Hata hivyo, upande wa ndani wa mpindo ni mgumu kunoa, na bila ala nzuri ncha hiyo itautoboa mkoba wako. Ukiamua baadaye kuongeza panga fupi, yale yanayofuliwa kwa chuma cha springi za gari huwa imara, lakini kagua mpini kwanza: chuma kipite hadi mwisho wake na kishikwe kwa ribiti, si kuchomekwa tu. Libebe ndani ya ala na ndani ya mkoba, kwa ajili ya abiria wenzako na pia ili usimtie mtu hofu njiani.

Kuhusu lantana, nakuomba usitosheke na kukata. Shina lililokatwa huchipuka tena kwa wingi, kwa hiyo mizizi ing'olewe kwa jembe wakati udongo ungali laini baada ya mvua. Mkikuta mnyaa, vaeni miwani na glavu, kwa kuwa utomvu wake huunguza macho vibaya sana. Hapo tena msumeno una nafuu, maana haurushi matone kama panga.

Mkitaka siku moja kusaidia katika msitu wa umma kama Karura au Ngong, ombeni kwanza ruhusa ya Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kukata mimea humo bila kibali, hata kama nia ni njema.