Ulichokipata kwenye mbio za nyika

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba binti yako ameitwa kwenye timu ya mbio za nyika ya shule, naye anasita kwa kuwa anajua hatashika nafasi za mbele. Ukaniuliza: "Mama, zile mbio za shule zilinijenga kweli, au nilikuwa hivi tangu mwanzo?" Nimekaa na swali lako siku kadhaa, maana sikutaka nikujibu juujuu.

Ukaidi ulizaliwa nao. Ulikuwa mbishi hata kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Ila ubishi ule haukuwa na mwelekeo: ukishindwa mchezo unatupa vitu, ukikosolewa unanuna hadi usiku. Mbio ziliupa njia, kwa sababu saa haibishiki. Anayecheza mpira anaweza kumlaumu mwamuzi, au mwenzake aliyempa pasi mbovu. Mkimbiaji anatajiwa dakika na sekunde zake, basi. Mwanzoni ulikuwa ukirudi nyumbani na visingizio tele: matope, viatu, aliyekukanyaga kisigino. Halafu siku moja ukaniambia tu, "Nilianza kwa kasi mno, pumzi ikaniishia." Sijui kama unaikumbuka siku hiyo. Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahia medali, kwa sababu ulikuwa umeanza kujichunguza bila mtu kukulazimisha, na tangu hapo ukawa unashindana kwanza na muda wako wa wiki iliyopita.

Kuna jambo lingine, nalo ni la mbio za nyika hasa. Uwanjani kila hatua yako inaonekana. Nyikani sehemu kubwa ya njia hakuna anayekutazama, na ukitaka kutembea kidogo utatembea, hakuna atakayejua. Ndiyo maana nilipenda kusimama upande wa mbali, kule kwenye mwinuko nyuma ya miti, ambako kocha hafiki na watazamaji hawajisumbui kwenda. Nakukumbuka ukipanda huku kichomi kimekubana. Kiganja umekikandamiza chini ya mbavu, mate yamekukauka pembeni mwa midomo, hatua zimekuwa fupi hata nikadhani utasimama. Mbele yako mwenzako wa jezi moja alikuwa ameshaanza kutembea. Ulipomfikia ukamgusa mgongoni kwa vidole viwili, ukamwambia neno ambalo sikulisikia, naye akaanza tena kukimbia. Hukuniona, nami sikukuita. Tulipokuwa njiani kurudi hukulitaja kabisa.

Mwambie binti yako jinsi pointi zilivyokuwa zikihesabiwa, maana nadhani hapo ndipo lilipo jibu la wasiwasi wake. Katika mbio zenu walitoka wakimbiaji saba kwa kila timu, na watano wa kwanza wa timu ndio waliohesabiwa. Nafasi zao zinajumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Timu ikishika nafasi ya kwanza hadi ya tano, inapata 15, na hakuna jumla ndogo kuliko hiyo. Sasa fikiria: nyota wenu anamaliza wa pili, mwingine wa tano, wote wanashangiliwa, lakini ushindi haujulikani mpaka afike mtu wa tano wa timu, huko nyuma kwenye kundi la watoto wasiojulikana na yeyote. Akipitwa na wawili mita chache kabla ya mstari, pengine kombe limekwenda. Hata wa sita na wa saba wana kazi, kwa sababu wakimpita mkimbiaji wa timu pinzani anayehesabiwa, nafasi yake inarudi nyuma na jumla ya wenzake inakua.

Wewe ulikuwa mtu wa tano. Miaka yako yote pale ulikuwa wa tano, wakati mwingine wa sita, na uliumia kwa hilo kuliko ulivyokuwa tayari kukiri. Lakini nakuona leo kazini kwako, jinsi unavyomwendea yule ambaye wengine hawamwangalii, na jinsi unavyofanya kazi ileile kwa uzito uleule hata kama bosi hayupo. Hayo hukuzaliwa nayo, mwanangu. Nilikuwepo, niliona yakikuingia.

Hata hivyo sitaki umwambie mtoto kwamba kukimbia kwenyewe humfanya mtu awe mwema. Ben Johnson alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79 mjini Seoul mwaka 1988, akanyang'anywa dhahabu baada ya kupatikana ametumia dawa zilizopigwa marufuku. Mazoezi magumu alikuwa nayo, uvumilivu alikuwa nao. Mbio humfikisha mtu mahali pa kuchagua, lakini hazimchagulii. Desemba 2012, huko Burlada nchini Hispania, Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa ameshinda shaba ya Olimpiki mwaka uleule, alikuwa akiongoza mbio za nyika akapunguza mwendo karibu na mwisho akidhani ameshamaliza. Iván Fernández Anaya alikuwa nyuma yake na angeweza kumpita. Badala yake alimwelekeza kwa ishara mpaka Mutai akavuka mstari akiwa wa kwanza. Kocha wa Fernández, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa marathon, alisema yeye angeitumia nafasi ile. Kijana alichagua mwenyewe.

Nikupe na onyo moja, kwa kuwa safari hii mzazi ni wewe. Kuna uchovu wa kuvumilia na kuna maumivu ya kusikiliza, na mtoto hajui tofauti mpaka afundishwe. Miguu kuwa mizito na kifua kuwaka moto, hayo huisha baada ya kupumzika. Maumivu yanayouma mahali palepale kwenye mfupa, yanayozidi kila akikimbia na kumsumbua hata akitembea, hayo ni ya daktari. Watoto wengi, wasichana hasa, huumia mifupa kwa sababu wanakimbia sana na kula kidogo, huku watu wazima wakiwasifu kwa ushupavu. Kusema "leo siwezi, nimeumia" mbele ya timu nzima kunahitaji moyo, na akisema, msifu.

Basi mwache aamue mwenyewe. Akikubali, usimuulize kwanza amekuwa wa ngapi. Muulize mbio zilikuwaje, umwache azungumze. Na kabla hujatia saini, nenda ukamwone kocha wake siku ya mashindano. Tazama anafanya nini baada ya nyota wake kumaliza. Akibaki pale mstarini mpaka mtoto wa mwisho afike, akamwita kwa jina lake, mpe mtoto wako bila wasiwasi. Akiwa ameshaondoka kwenda kufungasha mizigo, tafuta timu nyingine.

Mama yako akupendaye